Mwatiko Kaikataa Flai Yako: Kosa Liko Wapi?

Maji ya bamvua yakianza kujaa huku Shela, Lamu, simu yangu nayo huanza kulia. Mara nyingi ni kijana wa mashua aliyepeleka wageni upande wa Manda. "Ami, mwatiko wamepita mbele yetu kama kundi la mbuzi, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Flai zako zina nini?" Namjibu kwa swali: imekataliwa kabla haijafika kinywani, imetemwa ikiwa kinywani, au imechomoka samaki akiwa amekwisha shikwa? Hayo ni maradhi matatu, na kila moja lina dawa yake. Anayesema "hawali tu" hajaangalia.

Kwa asiyeijua, flai ni ndoana iliyofungwa manyoya, uzi na nywele mpaka ikafanana na chakula cha samaki. Haina chambo, na ni nyepesi mno kurushwa peke yake. Kinachorushwa ni mshipi mnene wenye uzito wake. Flai hufuata nyuma, ikiwa imefungwa kwenye nailoni nyembamba.

Mwatiko naye ni samaki wa pekee. Hana meno. Chakula chake kikubwa ni koga na mwani laini, pamoja na vidudu vilivyomo ndani yake. Kolekole hukimbiza, tengesi huvizia, lakini mwatiko huenda malishoni kama ng'ombe, na ng'ombe hakimbizi nyasi. Mambo mengi nitakayoyasema hapa chini yanatokana na hilo. Mtu wa kwanza kunionyesha flai ya namna hii, inayoigiza mwani, alikuwa mgeni kutoka Uingereza anayevua kapu mabwawani kwao. Kapu huyo si lile la kuendea sokoni, ni samaki. Huku kwetu Kenya alionekana Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 2000, na haikuchukua muda mrefu akawa ndiye anayejaza nyavu za wavuvi wa huko. Wataalamu wa samaki humweka yeye na mwatiko katika ukoo mmoja mkubwa, na kwa tabia wanafanana kweli: wote wawili mara huinamisha kichwa wakachokora tope, mara hupanda juu wakanyonya vinavyoelea. Kwa hiyo ukisoma haya na wewe ni mtu wa Naivasha, badilisha rangi ya flai na uache habari za maji kujaa na kupwa. Yaliyobaki yanakuhusu.

Anatoka mbio flai ikigusa maji tu

Jaza bakuli maji, shika flai kimo cha kiwiko juu yake, iachie. Sikiliza. Ikilia "chubwi!", basi umefunga chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, si flai. Kwenye maji ya magotini, flai ya mwatiko inatakiwa isiwe na uzito wowote zaidi ya ndoana yenyewe. Shanga za macho zina mahali pake, nitafika huko.

Kama bakuli halikusema kitu na samaki bado wanakimbia, kosa liko kwenye nailoni au kwenye mkono wako. Nailoni ya mbele ikipungua mita 3, ule mshipi mnene huangukia juu ya kichwa cha samaki na kivuli chake kinapita mgongoni mwake. Mimi naweka mita 4. Na usimtupie puani. Tupa mbele yake hatua tatu au nne, kwenye njia anayoijia, kisha subiri afike mwenyewe.

Anaisogelea, anaitazama, anageuka

Hapa ndipo wengi wanapokatia tamaa, na sababu zake ni nyingi, basi tuzipitie kwa utaratibu.

Kwanza, je, unavuta? Aliyezoea kurambaza, aliyekulia kwenye mashua inayoburura mshipi nyuma, mkono wake haujui kutulia. Akiona samaki karibu, anavuta kidogo "kumtamanisha". Kolekole atatamani. Mwatiko ataona kipande cha mwani kimeota mapezi, na ataondoka. Angalia povu linalopita juu ya mkondo: flai iende kwa mwendo uleule. Ikitanguliwa na povu au ikilitangulia povu, ujue mshipi wako unaburutwa. Dalili yake ni kamkia kadogo ka maji nyuma ya flai, kama ka mashua iliyo mbali. Legeza, uinue ufito wa kuvulia, upeleke mshipi juu ya mkondo tena.

Pili, ukubwa. Mwatiko wa urefu wa mkono mzima ana kinywa kidogo cha kushangaza. Pima flai yako kwa kidole cha mwisho: ikipita pingili ya juu, ni kubwa. Ndoana namba 4 au namba 6 inatosha. Na kumbuka kwamba katika ndoana hizi namba ikipanda ndoana hupungua. Kuna kijana niliyemwagiza namba 6 akaniletea namba 2, akidhani amenipunguzia.

Tatu, rangi. Usiamini rangi ya kitu kikavu. Uzi wa sweta ulio kijani kibichi dukani, ukilowa unakuwa kama jani la mkoko lililooza. Fanya hivi: maji yakipwa, kwangua lile koga la kijani kwenye mizizi ya mikoko, litie kwenye kisahani cheupe chenye maji ya bahari, ulaze uzi wako kando yake. Utashangaa. Koga ninalolipata mimi halina kijani kimoja. Lina manjano ndani yake, na kwenye tope la upande wa Kipungani lina rangi ya kahawia pia. Siku hizi nachanganya nyuzi tatu ili nipate moja.

Nne, na hili ndilo ninaloliona katika kila flai ninayoletewa nikague: vitu vimezidi. Mtu amefunga nusu ya ndevu za beberu kwenye ndoana ndogo. Mwani ndani ya maji hupitisha mwanga. Lowesha flai, iinue juani, itazame. Usipoona shina la ndoana kwa ndani, punguza nusu. Kisha punguza tena.

Tano, harufu. Wapo wanaonicheka kwa hili, ila mimi nina yakini nalo: mkono ulioshika petroli ya mashua au mafuta ya ngozi ya wageni usishike flai kabla haujasuguliwa kwa mchanga na maji ya chumvi.

Yangu ya kila siku naifunga hivi. Ndoana namba 4, fupi, ya waya mnene, naibana kwenye jiriwa. Naizungushia uzi kutoka nyuma ya tundu hadi kipinda kinapoanza, mizunguko imeshikana kama kamba ya gati. Mkia ni nywele za kusukia za kijani, sizidishi nane, fupi kama punje mbili za mchele. (Muuzaji wa nywele sokoni alikuwa akiniuliza nasuka binti yangu gani. Sasa ananichagulia rangi mwenyewe.) Mwili ni uzi wa sweta: naufumua mpaka uwe nyuzinyuzi kama pamba, nausokota juu ya uzi uliopakwa nta, nauzungusha kuelekea tundu, kisha nauchambua kwa mswaki mkuukuu mpaka utimke. Nakata chini na juu kwa mkasi. Imekwisha. Ukiiweka mezani haimvutii mtu, na wageni hutazama kisanduku changu kwa huruma kidogo.

Mwatiko wakiwa wanakula juu kabisa, vinywa wazi kwenye mstari wa povu, flai hiyo itapita chini yao. Hapo ongeza mgongoni kipande chembamba cha ndara. Fuo zetu hazina upungufu wa ndara: lile jahazi la Flipflopi lililojengwa hapa Lamu na kuingia majini mwaka 2018 lilivishwa ndara 30,000 hivi zilizookotwa, na bado zinakuja. Kata kipande cha unene wa njiti ya kiberiti. Kikizidi hapo, ndoana inalala ubavu.

Kila nikirusha naleta majani

Hii ni ya wale wanaovua chini, samaki walipoinamisha vichwa wakachokora mchanga. Huko ndiko kwenye kazi ya shanga. Ndoana ya kawaida huenda ncha ikiwa chini, nayo huzoa kila jani. Ukitaka igeuke ncha iwe juu, funga macho mawili ya shanga za chuma juu ya shina, upande ulio mkabala na ncha. Uzito utaipindua yenyewe. Naona watu wanafunga shanga chini ya shina, kisha wanalaumu majani.

Na shanga zikizunguka shinani kama gurudumu, dawa si kuongeza gundi. Weka kwanza kitako cha uzi, yaani mizunguko iliyoshikana juu ya shina. Laza shanga mbili za mnyororo, zile za mnyororo wa kizibo cha sinki, uzifunge kwa msalaba: kutoka mbele kushoto kwenda nyuma kulia mara nane, kisha upande wa pili mara nane. Halafu, hapa ndipo siri ilipo, peleka uzi chini ya shanga na juu ya shina, ukizunguka kama unayefunga kilemba, bila kugusa msalaba upande wa juu. Mizunguko sita ya namna hiyo huvuta ule msalaba ukabana kama boriti. Tone moja la gundi. Shika shanga kwa vidole, jaribu kuzipindua: zikitikisika mezani, baharini zitazunguka.

Anaimeza na kuitema, nami sikuhisi kitu

Mwatiko hagongi. Hunyonya kidogo, akionja si mwani hupuliza nje, na yote hayo kabla hujapepesa jicho. Ukingoja mtikisiko mkononi utangoja hadi maji yapwe. Tazama mahali mshipi unapoingia majini. Ukisita pale povu haliko tayari kusita, vuta.

Ila kuna kosa la ufungaji pia. Mwili wa flai ukijaa mpaka ukaziba uwazi kati ya shina na ncha, ndoana haina pa kushikia. Uwazi huo nauacha nusu yake wazi kabisa. Tena jaribu ncha kwenye ukucha wa kidole gumba: iburute polepole. Ikiteleza, ni butu, hata kama ulifungua pakiti leo asubuhi. Ikikwaruza na kusimama, nenda nayo.

Ameshika, amekimbia, kisha mshipi umelegea

Rudisha flai, uiangalie kabla hujaapa.

Ndoana imenyooka: ulinunua ndoana ya maji baridi, ya waya mwembamba. Mwatiko ni misuli mitupu, akianza kukimbia kwenye mkondo hasimami kwa kuombwa. Nunua ya baharini.

Flai haipo na mwisho wa nailoni umejikunja kama mkia wa nguruwe: fundo limefumuka. Ulilikaza kavu. Lilowanishe kwa mate, livute polepole, na mizunguko isipungue mitano.

Flai haipo na nailoni imekatwa safi kama kwa wembe: huyo hakuwa mwatiko, alikuwa na meno. Tengesi, pengine. Hakuna cha kutengeneza hapo.

Ndoana nzima, nailoni nzima, samaki hayupo: mdomo wake ni mlaini na ulivuta kwa nguvu ya kumtoa changu mwambani. Vuta kwa mkono unaoshika mshipi, mvuto mmoja mfupi, ufito ukiwa chini. Kisha mwache aende. Mita 80 si ajabu. Kijana mmoja wa Matondoni aliniambia, "Ami, nilimkazia kidogo tu," akanionyesha na mkono ulivyokaza. Kwa kidogo kile ungeng'oa nanga.

Flai inazunguka na kuukoroga mshipi

Kitu kimoja upande mmoja ni kirefu au kizito kuliko upande wa pili. Kwa kawaida ni unyoya uliofungwa ukiwa umeteleza ubavuni, au kipande cha ndara kilichokaa mshazari.

Mimi flai zangu nilikuwa nikizijaribu kwenye birika la nyumbani, si la chai, ni lile la kujengwa la kuwekea maji. Nyumba yetu ni ya zamani, birika lake la chooni lina vile visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, kama walivyoweka wazee. Nilikuwa nikifunga flai kwenye nailoni ya mkono mmoja na kuiburura toka ukingo hadi ukingo. Ikienda wima, inafaa. Ikizunguka, narudi mezani. Siku moja bibi aliingia kutawadha akanikuta nimenasa kisamaki chake. Sitayaandika aliyoyasema. Sasa natumia beseni, na nakushauri uanze na beseni.

Inafumuka baada ya samaki wa pili

Uzi. Ni uzi karibu kila mara.

Wapo wanaotumia uzi wa pamba, hasa wenye jamaa wanaoshona kofia za vito, kwa sababu nyumbani upo na ni mzuri kwa macho. Kichwani mwa mtu unadumu miaka, lakini pamba ikilowa chumvi na kukaushwa mara kwa mara huoza. Tumia uzi wa cherehani wa polista, ule mwembamba zaidi utakaoupata, uliopitishwa kwenye nta. Ule mnene unajaza kichwa cha flai kabla hujafunga chochote.

Kosa la pili ni kufunga vitu juu ya chuma kitupu. Nywele za kusukia ni laini kama mafuta, hazishiki chuma. Kitako cha uzi kwanza, daima. La tatu ni woga wa kukaza. Chukua ndoana mbovu, zungusha uzi, vuta mpaka ukatike. Fanya mara tatu. Sasa mkono wako unajua mwisho uko wapi, na utafanya kazi karibu na hapo badala ya kubembeleza.

La nne ni kumalizia. Mafundo ya kawaida mawili matatu hayatoshi. Tengeneza kitanzi, mguu mmoja wa uzi ulale juu ya shina, mwingine uuzungukie na kuufunika mara tano, kisha vuta mwisho uingie chini ya mizunguko. Rudia mara moja. Juu yake tone la gundi au rangi ya kucha isiyo na rangi. Choma tundu la ndoana kwa sindano au shina la unyoya gundi ikiwa mbichi. Ukisahau, utagundua saa 12 asubuhi, maji yanajaa, mgeni amesimama magotini anakutazama, na nailoni haipiti. Yamenikuta. Tangu siku hiyo naacha nafasi tupu nyuma ya tundu, upana wa tundu lenyewe mara mbili, na hapo hakifungwi kitu isipokuwa ule uzi wa kumalizia.

Rangi inatoka

Niliwahi kuagiza manyoya yaliyotiwa rangi tayari, kwa bei ambayo mke wangu haijui hadi leo, na siku ya kwanza majini yalitoka kijani yakawa kama maji ya mchicha. Nikaamua kutia mwenyewe. Manyoya meupe ya shingo ya jogoo, yaoshe kwa sabuni mpaka mafuta yatoke, kwani manyoya yenye mafuta hayanywi rangi. Tia rangi ya mikeka, ileile ya ukili, kwenye maji ya moto yasiyochemka, pamoja na vijiko kadhaa vya siki. Siki ndiyo inayoifanya ishike. Yaache mpaka maji yapoe, suuza mpaka yasitoe kitu. Uliza kwanza sufuria ni ya nani.

Kutu

Flai moja iliyolowa, ikirudishwa kisandukuni na kifuniko kikafungwa, itazitia kutu zilizomo zote. Zilizotumika ziweke kando kwenye kofia au kipande cha sponji, ukifika nyumbani zioshe kwa maji yasiyo na chumvi, zikaushe kivulini usiku kucha. Ile iliyokwisha kupata doa kwenye kipinda, ikate kwa koleo uokoe shanga. Usiipe nafasi nyingine. Kipinda ndipo inapovunjikia.

Manyoya yanapungua na hujui yanakwenda wapi

Unaishi Lamu. Ni paka. Bati la biskuti lenye kifuniko kigumu, na jiwe juu yake.